MTOTO WA JICHO: UPOFU UNAOWEZA KUONDOLEWA

Yako maradhi yamwingiayo mtu kwa kishindo, hata majirani wote wakajua siku ile ile kwamba fulani hajiwezi. Yako na mengine yaingiayo kimya kimya, kama mchwa katika nguzo ya nyumba. Mtoto wa jicho ni katika hayo ya pili. Ugonjwa huu hauumi, hauwashi, wala hautoi usaha. Mkulima huamka asubuhi akashika jembe lake, karani akakaa mezani pake, na kila mmoja hudhani kwamba macho yake ni yale yale ya mwaka jana. Kumbe kila mwezi upitao nuru yapungua kidogo, mpaka siku moja mtu ashindwe kuutambua uso wa mwanawe aliyesimama mlangoni.

Katika nchi hii ya Moi's Bridge, mahali palipoitwa Hoey's Bridge zamani za walowezi, kwenye njia ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, macho ni chombo cha kazi kama vile jembe na plau. Asiyeona vema hapambanui hindi changa na magugu, hukata yote pamoja. Hawezi kuchagua punje zilizoota kuvu na kuzitenga na punje njema, na kuvu hiyo yaweza kuwa na sumu. Hasomi mizani mbele ya mnunuzi, wala maandishi ya mfuko wa mbolea, wala kipimo cha dawa ya wadudu. Siku hizi ambapo fedha nyingi hupitia katika simu, mzee asiyeona hana budi kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri. Na akiletewa karatasi za shamba atie kidole, hutia bila kujua kilichoandikwa. Hivyo ugonjwa wa macho hugeuka kuwa jambo la shamba, la fedha na la heshima ya mtu katika nyumba yake.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu wapatao milioni 94 ulimwenguni ni vipofu au hawaoni vema kwa sababu ya mtoto wa jicho. Ndiyo sababu kubwa kupita zote ya upofu duniani. Lakini lililo kubwa zaidi ni hili, ya kwamba upofu huu katika watu walio wengi waweza kuondolewa kwa kazi ya daktari ambayo kwa kawaida haizidi nusu saa. Kwa sababu hiyo yafaa kila msomaji aujue, apate kujisaidia mwenyewe na kuwasaidia wazee wake.

JINSI JICHO LIONAVYO

Tazama jicho la mwenzako. Katikati utaona duara jeusi, ndiyo mboni. Mboni ni tundu tu, mfano wa dirisha, ambalo kwalo mwanga hupita kuingia ndani. Nyuma ya tundu hilo kuna kitu kidogo kilicho angavu kama tone la maji, chenye umbo la dengu, kiitwacho lenzi. Lenzi hukaa ndani ya ngozi nyembamba sana, kama punje ya haragwe ikaavyo ndani ya ganda lake. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza nyuma ya jicho, penye utando unaopokea picha na kuipeleka katika ubongo.

Mtu akiwa kijana, lenzi yake ni safi. Imefanyika kwa maji na protini, yaani kitu cha namna ya ule ute wa yai. Kila mtu ajua kwamba ute wa yai bichi waweza kuona kitu kupitia kwake. Lakini ukipata moto hugeuka mweupe, na hapo hakuna mwanga upitao. Lenzi haichomwi na moto, walakini kwa kupita miaka mingi ile protini hugandana, ikaanza kuwa na ukungu, kwanza kidogo, baadaye mwingi. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Wengine hudhani kuwa ni ngozi iliyoota juu ya jicho, ambayo yaweza kubanduliwa kwa dawa au kwa ulimi. Sivyo. Uko ndani, nyuma ya mboni, na kwa nje huonekana tu kama weupe katika lile duara lililopaswa kuwa jeusi.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni ukungu. Mtu huona kama atazamaye kupitia kioo cha gari kilichofunikwa na mvuke, hufuta macho yake kwa leso, lakini ukungu hauondoki. Ya pili ni kuumizwa na mwanga: jua la mchana humchosha, na usiku taa za gari lijalo humwenea macho yote asiione barabara. Dereva wa lori au wa matatu aonaye jambo hili asilidharau, maana roho za watu zi mikononi mwake. Ya tatu ni kupotea kwa rangi. Kitambaa cheupe huonekana kama cha manjano, na buluu yafifia. Ya nne ni kuona kitu kimoja kuwa viwili kwa jicho moja, hata lile jingine likifumbwa.

Kuna dalili nyingine inayowadanganya watu wengi. Mzee aliyekuwa akisoma kwa miwani huiweka kando siku moja, akasema kwa furaha kwamba macho yake yamerudi ujana, maana aweza kusoma gazeti bila miwani. Kwa kweli lenzi yake imeanza kuharibika na kuupinda mwanga kwa namna nyingine. Furaha hiyo haidumu. Baada ya miezi, karibu na mbali pote hugeuka giza. Kadhalika karani abadilishaye miwani mara kwa mara, na kila mpya isimfae kwa muda mrefu, na aende akaangaliwe lenzi zake.

Njia ya kujipima nyumbani ni rahisi. Simama mlangoni, funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, utazame majani ya mti ulio mbali au maandishi juu ya duka. Kisha funika la pili utazame vile vile. Watu wengi hukaa na jicho moja bovu muda mrefu bila kujua, maana lile zima humfanyia kazi mwenzake. Ukiona tofauti, usingoje.

SABABU ZAKE

Sababu kubwa ni umri. Kama nywele zigeukavyo mvi, ndivyo lenzi igeukavyo ukungu, kwa wengine mapema, kwa wengine baadaye. Si adhabu, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Wako watu waliovunja ujirani wa miaka thelathini kwa kumshuku mtu asiye na hatia, na kumbe ilikuwa ni lenzi tu iliyozeeka.

Walakini yako mambo yauletayo ugonjwa huu kabla ya wakati wake. La kwanza ni kisukari. Mwenye kisukari asiyeangalia chakula na dawa zake hupata mtoto wa jicho mapema kuliko wenzake, na tena kisukari huharibu hata ule utando wa nyuma ya jicho. La pili ni tumbaku. La tatu ni jua kali kwa miaka mingi. Kwa mkulima ashindaye shambani kofia yenye ukingo mpana si pambo, ni kinga. La nne ni kuumia. Kijiti cha bua la hindi, kibanzi kirukacho wakati wa kupasua kuni, kipande cha chuma katika karakana, jiwe la manati la mtoto, vyote hivi vyaweza kulichoma jicho na kuigeuza lenzi kuwa nyeupe hata kwa kijana wa miaka kumi.

La tano ni dawa. Ziko dawa za namna ya kotizoni, za matone, za kupaka na za vidonge, ambazo daktari huwapa watu kwa haja maalumu na kwa muda aliouhesabu. Mtu akizinunua mwenyewe dukani kwa sababu jicho lilimwasha, akazitia miezi mingi kwa kuwa zamtuliza, zaweza kumletea mtoto wa jicho, na zaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuua mshipa wake. Chupa iliyomsaidia jirani yaweza kukupofusha wewe.

Hata mtoto mchanga aweza kuzaliwa na ugonjwa huu. Mara nyingine huwa ni wa ukoo, mara nyingine ni kwa sababu mama alipata rubela wakati wa mimba yake. Kenya ilianza mwaka 2016 kuwachanja watoto chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, na chanjo hiyo huzuia upofu wa namna hii. Mzazi aonaye weupe katika mboni ya mtoto wake asikawie hata wiki moja. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, nayo yaweza kuwa saratani ya jicho. Isitoshe, ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka yake ya kwanza. Jicho likikaa gizani miaka hiyo, hata likisafishwa baadaye ubongo hautajua kulitumia vema.

MAMBO YASEMWAYO AMBAYO SI KWELI

Watu husema mengi penye kilabu na penye kisima. Husema kwamba daktari hulitoa jicho lote, akaliosha katika beseni, kisha akalirudisha. Hakuna daktari duniani awezaye kufanya hivyo. Jicho hukaa mahali pake mwanzo hadi mwisho.

Husema kwamba sharti mtoto wa jicho aive kwanza, kama ndizi, ndipo atolewe. Neno hili lilikuwa na maana zamani, vyombo vilipokuwa duni. Siku hizi hutolewa mara tu unapomzuia mtu kufanya kazi zake. Tena kungoja mno kwaweza kuleta hatari, maana lenzi iliyokaa muda mrefu hufura au huvuja, ikapandisha presha ya jicho kwa maumivu makali, na hapo nuru yaweza kupotea moja kwa moja.

Husema kwamba iko dawa ya matone, au mzizi, au maji ya majani fulani, iyeyushayo ule ukungu. Mpaka leo haijapatikana dawa ya kutia wala ya kunywa iuondoayo mtoto wa jicho. Aliyekuuzia chupa kwa ahadi hiyo amekula fedha zako bure. Na mitishamba itiwayo jichoni hudhuru zaidi: huchubua kioo cha mbele, hualika vijidudu, ikaacha kovu jeupe. Hapo mtu aliyekuwa na upofu wa kuondoleka hujitia katika upofu usioondoleka.

Wala si kweli kwamba ugonjwa huu hurudi. Lenzi iliyotolewa haioti tena. Kwa watu wengine lile ganda lililoachwa ndani huingia ukungu baada ya miezi au miaka, nalo hutobolewa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu.

Neno moja la tahadhari. Si kila asiyeona ana mtoto wa jicho. Upo ugonjwa uitwao glakoma, ambao ni presha ndani ya jicho. Huo huua mshipa wa jicho, na nuru aliyoichukua hairudi tena, ila dawa zaweza kuilinda iliyobaki. Ipo trakoma, iliyojulikana sana katika nchi kavu za Turkana na Pokot, ambayo hupinda kope zikalikwaruza jicho. Mwenye mtoto wa jicho peke yake, hata awe haoni kitu, kwa kawaida huutambua mwanga wa tochi na upande unakotoka. Mwenye kupambanua haya ni daktari mwenye vyombo vyake. Mjukuu au jirani hawezi.

ELIMU HII ILIKOTOKA

Zamani sana, katika nchi nyingi za Mashariki na za Afrika, walikuwapo watu waliotia sindano jichoni na kuisukuma lenzi ichafukayo ianguke nyuma. Mgonjwa aliona mwanga siku ile, lakini wengi walipofuka baadaye kabisa. Mwaka 1747 Mfaransa aliyeitwa Jacques Daviel alipasua jicho na kuitoa lenzi nje, badala ya kuisukuma ndani. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini jicho lisilo na lenzi haliwezi kuukusanya mwanga vema, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya mia mbili waliopasuliwa walivaa miwani minene sana, na miwani ikivunjika mtu hurudi karibu na upofu wake.

Daktari Mwingereza, Harold Ridley, ndiye aliyelifungua fundo hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya madirisha ya ndege zao, vilivyotengenezwa kwa Perspex. Akaona kwamba vipande hivyo vilikaa jichoni pasipo kulitia uvimbe. Akafikiri: ikiwa jicho lakubali kitu hiki kwa bahati mbaya, kwa nini lisikikubali kikitengenezwa kwa makusudi? Mwezi wa Novemba mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas' huko London, alitia lenzi ya kwanza ya kutengenezwa katika jicho la mtu. Madaktari wengi walimpinga miaka mingi, lakini leo lenzi hizo hutiwa kwa mamilioni ya watu kila mwaka.

Huku kwetu Kenya kazi ya kuwasaidia wasioona nayo ilianza miaka ile. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na Chama cha Vipofu cha Kenya kilianzishwa kwa sheria mwaka 1956. Baadaye waganga wasaidizi wakafundishwa kazi ya macho hasa, hata kupasua mtoto wa jicho, kwa kuwa madaktari bingwa walikuwa wachache na wengi wao wakikaa mijini.

SIKU YA KUPASULIWA

Hofu nyingi hutoka katika kutojua, kwa hiyo na tueleze hatua kwa hatua. Kwanza mgonjwa husomeshwa herufi ukutani ili ijulikane aona kiasi gani. Kisha daktari hutazama jicho kwa taa maalumu, hupima presha yake, na kuchungua nyuma yake kama ni zima. Damu hupimwa sukari, na presha ya mwili hupimwa pia. Vikiwa juu, hutulizwa kwanza. Urefu wa jicho hupimwa kwa chombo ili ijulikane ni lenzi ya nguvu gani itakayomfaa, kama vile mtu apimwavyo mguu kabla ya kununua kiatu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata za kienyeji.

Siku yenyewe mtu mzima halazwi usingizi kwa kawaida. Jicho hutiwa ganzi kwa matone au kwa sindano, na mgonjwa hukaa macho, akisikia sauti za watu bila maumivu. Daktari hutazama kwa darubini. Hukata mlango mdogo pembeni mwa jicho, hulifungua lile ganda jembamba kwa mbele, huitoa lenzi yenye ukungu, na mahali pake hutia lenzi mpya iliyo safi, ambayo haitoki wala haihitaji kuoshwa maisha yake yote. Mara nyingi ule mlango mdogo hujifunga wenyewe bila kushonwa. Jicho hufunikwa, na mtu hurudi kwao siku ile au ya pili yake. Jicho la pili hufanywa siku nyingine, la kwanza likiisha kupona.

Watu walio wengi huona vizuri kuliko walivyoona kwa miaka. Lakini tusifiche kwamba kila kupasuliwa kuna hatari zake. Wachache hupata vijidudu ndani ya jicho, au uvimbe, na ambaye utando wake wa nyuma ulikwisha kuharibika kwa kisukari au glakoma hatapata nuru yote. Ndiyo maana ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari, kabla ya kutia sahihi, atazamie nini.

KUJITUNZA BAADAYE

Matone ya dawa hutiwa kama ilivyoamriwa, kwa kawaida majuma manne hadi sita, hata kama jicho limekwisha kuona vema. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuyatia, wala ncha ya chupa isiguse jicho. Usilisugue. Ulale na kifuniko siku za kwanza. Usiinue gunia, usilime, usipasue kuni, wala usiiname mbele ya moto wa jikoni wenye moshi mpaka daktari akuruhusu. Unapooga, maji yasiingie jichoni. Kwa mkulima majuma hayo ni marefu. Kwa hiyo yafaa apange kupasuliwa baada ya mavuno, au wakati ambapo yuko wa kumshikia shamba. Lakini mwenye dalili za hatari asingoje mavuno.

Rudi hospitali mara moja, bila kungoja siku ya kuonana na daktari, ukiona jicho linauma zaidi, jekundu linazidi, usaha unatoka, au nuru iliyokuja inapungua. Saa chache zaweza kuliokoa jicho au kulipoteza. Na mtu asishangae akihitaji miwani ya kusomea baadaye, kwa kuwa lenzi nyingi zitiwazo huwekwa kwa kuona mbali.

KAZI ILIYOFANYWA TRANS NZOIA

Hapa karibu nasi, katika kaunti ya Trans Nzoia, ilifanywa kazi ambayo dunia imejifunza kwayo. Daktari wa macho wa Kitale, Hillary Rono, pamoja na wenzake wa huku na wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, walitaka kujua kwa nini watu wenye kasoro za macho hawafiki hospitali hata wakiisha kuambiwa. Walichukua shule 50 zenye watoto zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo walimu walipima macho ya watoto kwa simu yenye programu iitwayo Peek. Mzazi wa mtoto mwenye kasoro aliletewa picha inayomwonyesha jinsi mwanawe aonavyo, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Katika shule nyingine walipima kwa njia ya kawaida na kutoa barua.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kwa njia ya kawaida, watoto 22 katika kila 100 waliotumwa ndio waliofika hospitali. Kwa njia mpya walifika 54. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo mengine ya Trans Nzoia, ambapo watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba kuwapima watu wa umri wote kwa simu, na waliofika kutibiwa wakaongezeka sana.

Funzo lake ni dhahiri. Kilichowaleta wale wazazi ni kuona kwa macho yao kile mtoto asichokiona, na kukumbushwa na mtu. Simu ilifanya kazi ambayo zamani ingefanywa na ndugu mwema. Basi kila mmoja wetu aweza kuwa yule wa kukumbusha.

WAJIBU WA JAMAA

Mzee akiambiwa aende hospitali mara nyingi hujibu, "Mimi nimekula chumvi nyingi, niacheni na macho yangu, fedha hizo zisomesheni watoto." Maneno haya yasikika kuwa ya hekima, lakini tuyahesabu. Mzee asiyeona yahitaji mtu wa kumshika fimbo. Mara nyingi mtu huyo ni mjukuu, na mjukuu ashikaye fimbo hayuko darasani. Hivyo fedha iliyookolewa kwa ajili ya shule yamtoa mtoto shuleni.

Na tuangalie jambo jingine. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba wanawake hupata nafasi ya kupasuliwa macho kidogo kuliko wanaume, ijapokuwa wanaougua ni wengi. Kwa baba mbuzi huuzwa. Kwa mama husemwa kwamba yeye akaa jikoni tu. Lakini mama asiyeona huungua na sufuria, huanguka kisimani, wala hawezi kumtazama mtoto atambaaye karibu na moto. Ikiwa nyumba ina wazee wawili wasioona, wote wawili wapelekwe.

Kwa mtu wa Moi's Bridge, Kitale na Eldoret zote ni safari ya matatu. Mtu wa Bungoma na aulize kwanza katika hospitali ya kaunti yake, na Vihiga iko hospitali ya macho ya Sabatia. Mara kwa mara madaktari hufanya kambi za macho, na habari zake hutangazwa kanisani, msikitini na katika baraza la chifu. Mwenye kusoma habari hizo na awasomee wasiosoma. Kabla ya kusafiri uliza gharama yote, na kama bima ya afya italipa sehemu gani, ili usifike ukarudishwa. Nenda na msindikizaji, maana utarudi jicho moja limefungwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii, baada ya chakula, kila msomaji mwenye baba, mama, babu au nyanya nyumbani na amwombe afunike jicho moja, kisha la pili, aseme aonacho pale penye mti wa uani. Akisita, siku ya safari ipangwe kabla watu hawajaondoka mezani, na atajwe atakayekwenda naye.